Mkebe wa Hooyo Shamsa na Mashine Zetu Mbili

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu Jumamosi na mashine zenu mpya mabegani, kaeni chini kwanza. Chai ipo. Kila mara mnaniuliza, "Mzee Jilo, ipi bora, ya zamani au ya sasa?" na kila mara nawajibu vingine kulingana na mgongo wangu ulivyoamka. Leo nitajibu vizuri. Ila msitarajie nianzie mwanzo niende mwisho. Kichwa changu hakikupangwa hivyo.

Mimi nilikuwa fundi wa maji hapa Garissa hadi nikastaafu. Sikuajiriwa kutafuta hazina. Niliajiriwa kutafuta mabomba. Mchanga wa huku mnaujua. Unafukia bomba leo, mto unafurika, upepo unapita, na mwakani hakuna mtu anayekumbuka koki iko wapi. Mji mzima unalia kiu, na maji yako hapo chini ya miguu yenu. Ndiyo maana idara ikatuletea mashine ya kutambua chuma. Vitabuni inaitwa kigunduzi cha metali. Sisi tuliiita Mbuzi, kwa sababu ililia bila sababu.

Mbuzi alikuwa mzito. Alikuwa na mti mrefu, kisanduku cha bati juu yake, na chini sahani kubwa kama sinia ya pilau. Alikula betri za redio, zile nene, na alizila kama mgeni asiyejua aibu. Kazi yake yote ilikuwa mlio mmoja, kama mbu sikioni. Ukipita juu ya chuma, mlio unapanda. Basi. Hakukuambia ni chuma gani, kiko chini kiasi gani, wala kama ni bomba la maji au kifuniko cha soda.

Na jua la Garissa lilimchanganya. Asubuhi unazungusha kitufe, unaupanga mlio mpaka uwe mwembamba. Jua likipanda kidogo, mlio umeshahama wenyewe, unapanga upya. Fundi Kilonzo alikuwa akikifunika kile kisanduku kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, kama anamuuguza mtu mwenye homa.

Fundi Kilonzo ndiye aliyenifundisha. Alikuwa Mkamba, aliletwa huku kwa muda mfupi, akakaa mpaka watoto wake wakaanza kuota ndoto kwa Kisomali. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimevaa buti mpya za kazi, nikajiona afisa. Nikashika mashine, nikapiga hatua, ikalia. Nikapiga kelele, "Fundi! Bomba liko hapa!" Nikasogea. Ikalia tena. "Na hapa pia!" Nikasogea tena. Kilonzo alikuwa ameketi kivulini, hakuinuka.

"Jilo," akasema, "hilo bomba linakufuata wewe?"

"Naona limepinda, Fundi."

"Limepinda kweli. Vua viatu."

Buti zile zilikuwa na chuma mbele ya vidole. Tangu siku hiyo natafuta kwa ndara za plastiki, na miiba yote kuanzia hapa hadi Modogashe inanijua kwa jina. Kwa hiyo mkiniona nawakagua miguu kabla hatujatoka, msidhani nataka kununua viatu. Vueni na saa. Simu iwe mfuko wa nyuma, mbali na sahani. Na sururu muiweke mbali na mnapopita, maana nimewaona wawili hapa wakichimba kwa bidii chini ya sururu yao wenyewe.

Kilonzo hakuiangalia mashine, aliisikiliza. Alikuwa akiniambia, "Bomba lina sauti ndefu, inakuja polepole na kuondoka polepole. Msumari unabweka mara moja. Bati lililooza linakohoa." Mwanzoni nilidhani ananitania. Baadaye nikalala na kuamka na zile sauti, mpaka mke wangu akiangusha kijiko jikoni nilijua kama ni cha chuma au cha aluminiamu. Aliniambia hicho si kipaji, ni ugonjwa.

Jambo jingine alilonifundisha ni kuipitisha sahani chini, karibu iguse mchanga, sawasawa, bila kuinyanyua mwishoni. Mkono ukifika mwisho wa mzunguko unapenda kupanda. Ukipanda, umeacha kipande cha ardhi bila kukisikiliza. Nyinyi mnaipeperusha kama mnafukuza nzi. Mashine hata iwe mpya namna gani, haisikii kitu ikiwa hewani.

Sasa niwaambie la Takaba, halafu niendelee. Tulikwenda huko kutafuta bomba la kisima cha zamani, kisima cha kuchimbwa kwa mashine, na Mbuzi akalia mlio mnene karibu na kichaka. Nikaanza kufukua kwa mikono. Kikatokea kitu cha mviringo chenye kutu, kizito, kina mkia kama wa samaki. Nikafurahi. Kilonzo alipokiona, uso wake ulibadilika. Akasema taratibu sana, kama anayeongea na mtoto aliyelala, "Jilo, ondoa mkono. Simama. Rudi pale pale ulipokanyaga ulipokuja." Akaweka matawi ya miiba kuzunguka pale, mtu asikaribie, akaenda mwenyewe kuwaita polisi. Nchi hii yetu vita vimepita juu yake, vya zamani na vya juzi. Mkikuta kitu msichokijua chenye umbo la risasi kubwa au chungu cha chuma, hazina yenu ya siku hiyo ni uhai. Ondokeni, iteni serikali. Kwa hili sitanii.

Na mashimo fukieni. Mbuzi wa mtu akivunjika mguu, hakuna dhahabu itakayowarudisha katika boma lile. Makaburini hatuingii, hata mashine ikilia kutoka nje ya ua. Na kitu cha kale kabisa si chetu, kinapelekwa kwa wanaohusika na mambo ya kale. Haya, nimemaliza kuhubiri.

Nilipostaafu, idara ilikuwa imeshapata mashine nyingine, na Mbuzi alitupwa stoo. Nikamwomba, wakanipa kwa kicheko. Nikawa natoka naye Jumamosi kando ya mto, natafuta sarafu za zamani kwa kujifurahisha. Watu walinionea huruma. Kisha akatokea Mwalimu Nekesa.

Mwalimu ni binti wa Kibukusu, alitumwa hapa kufundisha fizikia. Wenzake wote waliokuja naye walikuwa wanahesabu siku za kurudi kwao. Yeye alinunua mashine. Nilimkuta nyuma ya soko, kwenye vibanda vya miraa, amevaa hedfoni masikioni, ameinama, watu wamemzunguka. Mashine yake ilikuwa nyepesi kama fimbo ya kuchungia. Inakunjwa ikaingia begini. Inachajiwa kwa waya wa simu. Ina kioo kinachoandika namba: namba ndogo chuma, za kati vikaratasi vinavyong'aa na dhahabu nyembamba, za juu fedha na shaba. Unaweza kuiambia ipuuze misumari, na inapuuza kweli, inapita kimya juu ya msumari kama mtu asiyesalimia jirani.

"Unapata nini hapa?" nikamuuliza.

Akafungua kiganja. Kilikuwa kimejaa vikaratasi vinavyong'aa vya chingamu, ile wanayotafuna na miraa.

"Hazina," akasema, tukacheka mpaka tukawa marafiki.

Lakini alikataa kuiambia mashine ipuuze vile vikaratasi. Alisema pete nyembamba ya dhahabu inaandika namba zile zile, ukikinyamazisha kimoja umenyamazisha vyote. Nikambishia. Tukachimba chingamu wiki nzima. Siku moja, kati ya karatasi na karatasi, ikatoka pete ya muuguzi aliyeiangusha akinunua maembe, na alikuwa ameshamwambia mumewe kwamba iko kwa sonara. Yule dada alimkumbatia Nekesa hadi hedfoni zikaanguka. Mimi nilibaki nimesimama na Mbuzi wangu, nikifikiri kwamba Kilonzo angempenda binti huyu.

Kitu kimoja tu nilimkataza. Kijitabu cha mashine yake kinasema sahani inaweza kuingia majini. Akataka kwenda kutafuta kando ya Tana, maji ya magotini. Nikamwambia, "Mwalimu, hicho kijitabu umekisoma wewe. Mamba hawajakisoma."

Sasa ya Eldas. Hii ndiyo nilitaka kuwaambia tangu mlipoketi.

Shuleni kwa Nekesa kuna mwalimu wa hisabati, Hodan, msichana wa Eldas. Nyanya yake, Hooyo Shamsa, yaani Mama Shamsa kwa Kisomali, alikuwa mwanamke wa ngamia na mbuzi tangu azaliwe. Miaka mingi nyuma, Hodan hajazaliwa, ulikuja ukame ulioua mifugo yao yote. Lori la msaada likaja kuwabeba waliobaki. Kabla halijaondoka, Hooyo Shamsa alichimba karibu na mgunga uliokuwa mbele ya kibanda chake, akafukia mkebe wa maziwa ya unga, na ndani akaweka mkufu wa fedha wa mama yake. Aliporudi, mgunga umekatwa makaa, mchanga umehama, na hapakuwa na alama yoyote. Alichimba kwa mikono yake mwaka baada ya mwaka. Familia yote ilijua: bibi akipotea nyumbani, yuko kule, anachimba.

Halafu Hodan akapigiwa simu kutoka nyumbani. Pale pale pamechaguliwa kuchimbwa bwawa la kukinga maji ya mvua. Tingatinga limeshafika.

"Bwawa lenyewe tumeliomba sisi," Hodan alituambia, chai imepoa mbele yake. "Hakuna mtu anaweza kulikataa. Hata yeye hakatai. Ila tangu lile tingatinga lije, hali chakula."

Nekesa alinitazama. Nikamwambia shule imefungwa, na mimi nilishafungiwa kazi zamani. Tukaenda.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alifungua mfuko wangu, akamwona Mbuzi na waya zake, akarudi nyuma hatua moja. Nikaeleza. Hakuelewa. Nekesa akatoa yake, akamvisha hedfoni, akampa ajaribu kando ya barabara. Kwa dakika chache yule askari akapata vifuniko vya soda na ganda la kopo la samaki, akafurahi kama mtoto. Gari nyuma yetu zilikuwa zinapiga honi. "Mzee," akaniambia akiturudishia, "nikistaafu nitakutafuta." Sijui yuko wapi siku hizi. Bado namsubiri.

Eldas tulifika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Hooyo Shamsa alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya uwanja mtupu, mwavuli mweusi kichwani, na mbele yake, mbali kidogo, tingatinga la manjano limezimwa. Dereva wake, kijana wa kutoka bara, alikuwa amelala chini ya gurudumu.

Nilimwamkia kwa heshima kama mama yangu. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, makucha yamekatika yote.

"Fijana, mumekuja," akasema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali. Mimi kijana! Nina wajukuu. "Hiyo ndio mashine?"

"Ndiyo, Hooyo. Hii ya zamani, na hii mpya."

Akazitazama zote mbili. "Nzuri. Mmoja ana macho, mmoja ana umri."

Hodan alimweleza dereva. Yule kijana alikuna kichwa. "Mzee, mimi nimeambiwa Jumatatu mdosi akikuja akute shimo. Leo nitaanza upande ule wa mbali. Huku nitafika kesho mchana. Zaidi ya hapo siwezi, wataniachisha kazi."

Tukaanza. Mchanga wa Eldas ni mweupe, laini, mtulivu kwa mashine. Huko Bute, kwenye udongo mwekundu wenye mawe ya chuma, Mbuzi hulia hadi anakauka sauti, na mashine ya Nekesa unaipandisha na kuishusha juu ya ardhi mara kadhaa, inauzoea udongo, inanyamaza. Eldas hapakuwa na shida hiyo. Shida yetu ilikuwa takataka. Pale watu walikuwa wamehamia na kuhama vizazi vingi. Misumari, makopo ya mafuta ya msaada, betri, vipande vya sufuria. Mbuzi alisikia vyote na kunililia vyote. Nilichimba mpaka kiuno kikaniambia maneno mabaya. Kila nilipomaliza kipande niliweka mawe kandokando: hapa pamekwisha, hakuna.

Mashine ya Nekesa ilipita kimya. Ilipata kijiko na sarafu moja ya zamani iliyotobolewa katikati. Jioni ilipoingia aliketi, akavua hedfoni.

"Mzee," akasema, "mkebe wa maziwa umetengenezwa na nini?"

"Bati."

"Na bati ni chuma. Na mimi asubuhi niliiambia mashine ipuuze chuma." Akajipiga kipaji cha uso. "Nimeshinda kutwa nzima nikiikataza kutafuta kitu chenyewe."

Tulicheka, lakini si kicheko cha siku ile ya chingamu. Nyuma yetu tingatinga lilikuwa limeshachimba robo ya uwanja.

Jumapili alfajiri akaifungua isikilize kila kitu. Nikamwonyesha vipande vyangu vyenye mawe. "Huku usipoteze muda. Nimepita."

"Nitapita tena, Mzee, usinikasirikie."

Nilikasirika kidogo. Mtu akipita tena mahali ulipopita, anasema nini kuhusu wewe? Nikaenda upande wangu, nikachimba, nikapata ganda la taa ya mafuta. Ndipo nikamsikia akiniita. Alikuwa amesimama katikati ya mawe yangu.

"Kuna kitu. Kiko mbali sana. Namba haitulii, mara chuma, mara fedha, mara inapotea."

Nikampitisha Mbuzi pale. Mlio haukusogea hata kidogo. Mbuzi, nyinyi mnajua, husikia mpaka kina cha kiganja na kifundo cha mkono hivi. Chini ya hapo kwake ni usiku. Miaka yote ile alinitosha kwa sababu mabomba ni marefu na makubwa. Kitu kidogo, mchanga wa miaka mingi umelala juu yake, asingekisikia hata tungekaa pale mpaka Ramadhani. Niliiweka sahani chini, nikakubali. Iliniuma, na papo hapo nikasikia raha ambayo siwezi kuieleza, kama baba anayeshindwa mbio na mtoto wake.

Lakini Nekesa alikuwa na sauti nyingine pia, hatua chache kando, karibu na jiwe. Hiyo ilikuwa kubwa, safi, namba imetulia. Na tingatinga lilikuwa limefika karibu, vumbi lake lilikuwa linatuingia mdomoni. Dereva alitupungia mkono kwa huruma: muda umekwisha. Shimo moja tungeliwahi. Mawili, hapana.

"Hii kubwa ndiyo yenye maana," nikasema. "Ile nyingine ni bati lililooza tu."

"Inaweza kuwa hivyo," Nekesa akasema. "Sijui, Mzee. Kweli sijui."

Hooyo Shamsa alikuwa ameinuka kwenye kigoda chake. Akaja taratibu, akanyoosha mkono. "Lete," akasema.

Hodan akamwambia kwa Kisomali kwamba ni sauti tu, si redio. Hakujali. Nekesa akamvisha hedfoni juu ya mtandio, akaupeleka mkono wake na mashine juu ya ile sauti kubwa. Bibi akakunja uso.

"Huyu anabiga kelele."

Akapelekwa kwenye ile nyingine. Akafumba macho. Nekesa akapitisha sahani mara ya pili, ya tatu.

"Chimba huyu."

"Hooyo," nikamwambia kwa upole, "hii ni dhaifu sana. Ile nyingine..."

"Mimi nilichimba mpaka bega," akasema, akajigusa bega. "Mkono yote ndani. Kitu ya mbali haiwezi kubiga kelele."

Nikashika sururu, Hodan akashika sepetu. Dereva alizima injini, akaruka chini, akaja kuchimba nasi. Nilipokuwa nachimba kitu kimoja kilinisumbua. Lori linangoja, watu wanapanda, ukame umewamaliza. Nani anachimba mpaka bega kwa ajili ya mkufu?

Shimo lilifika magotini mwa dereva, likapita. Nekesa alikuwa analala kifudifudi na kuingiza sahani ndani, anatwambia kushoto, anatwambia kulia. Kisha mchanga ukabadilika rangi, ukawa kahawia ya kutu. Nikawaambia waache vyuma, tutumie vidole. Mkebe haukuwepo tena, ulikuwa umebaki maganda mekundu yanayovunjika kama majani makavu. Ndani ya maganda hayo mkono wangu ukagusa kitu kizito, baridi. Nikakitoa. Mkufu, mweusi kwa umri, shanga za fedha nene, kipande cha katikati kikubwa kama yai la kanga.

Hodan alipiga kigelegele. Dereva alinikumbatia, simjui hata jina. Nekesa alikuwa analia na kucheka. Nikampa Hooyo Shamsa ule mkufu kwa mikono miwili. Aliupokea, akamshukuru Mungu, akampitishia Hodan bila kuutazama. Macho yake yalikuwa bado shimoni.

"Kuna ingine," akasema. "Dogo."

Nekesa akaingiza mashine tena. Ikalia pale pale, taratibu. Nikarudisha mkono, nikachambua mchanga kwa vidole. Kikatoka kikuku. Kikuku cha fedha cha mguu wa mtoto, kidogo, kisingepita hata kwenye vidole vyangu vitatu, na kimefungwa njuga moja ndogo iliyojaa mchanga.

Hooyo Shamsa alikichukua, akakaa chini. Si kwenye kigoda. Mchangani.

"Ayeyo," Hodan akamwita bibi yake kwa Kisomali, "hiki cha nani?"

Alianza kuichokoa ile njuga kwa mwiba aliouokota.

"Cha mama mkubwa wako. Ubah. Mtoto yangu ya kwanza."

Hodan alimtazama kana kwamba amesikia vibaya. Mama yake alikuwa ameambiwa siku zote kwamba yeye ndiye mkubwa.

Bibi akaendelea kwa Kisomali, na Hodan akatutafsiria huku sauti yake inakatika. Ubah alikuwa ameanza kutembea mwaka ule wa ukame. Alifungwa njuga mguuni ili mama yake, akiwa anakamua mbuzi, asikie alipo. Surua ikamchukua siku chache kabla lori halijaja, na wazee wakamzika kule mbali walikozikwa wengine. Lori lilipokuja, Hooyo Shamsa alikuwa na kikuku mfukoni mwa nguo. Alipanda. Gari likawashwa, likatikisika, na njuga ikalia. Akashuka. Aliwaambia wanaume wamngoje, anafukia mkufu wa mama yake. Alijua kwa mkufu wangengoja.

"Nilisema, safari ndefu," Hodan akatafsiri. "Kila gari ikiruka, italia. Sitafika. Nikachimba ndani, ndani, mpaka nisiweze kusikia. Na mkufu wa mama yangu nikaweka hapo ili mtoto asikae peke yake."

Dereva alivua kofia. Nekesa alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, mashine mapajani, kioo bado kinawaka.

Bibi aliendelea kuchokoa njuga. Mchanga ulitoka kidogo kidogo. Akaipuliza. Akaitikisa, haikulia. Akaichokoa tena, akaigonga kwenye kiganja, akaipuliza tena. Kisha akaitikisa, na ikalia, mlio mdogo mno ambao mashine yoyote isingeusikia. Akaitikisa tena karibu na sikio. Uso wake, sijui niwaambieje. Ulikuwa uso wa msichana.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, wanangu, na mashine zitaendelea kubadilika. Ya Nekesa ninyi wenyewe mnaiona ya kizamani sasa, mnamcheka. Mbuzi wangu simpeleki tena mbali, ila kila Jumamosi namtia betri nimsikilize kidogo. Ya zamani ilinipa sikio. Mpya inafika kule ambako sikio langu halifiki. Sina jibu jingine la swali lenu, na sidhani kuna mwenye jibu bora.

Siku ile tulitaka kulifukia lile shimo, ndiyo desturi yetu. Hooyo Shamsa akatuzuia. Aliinuka akiushika mkono wa Hodan, akakifunga kikuku kwenye ncha ya mtandio wake, akamvisha Hodan mkufu shingoni ukiwa mweusi hivyo hivyo. Kisha akamgeukia dereva.

"Haya, wewe. Chimba," akamwambia. "Chimba ndani kabisa. Maji ikae."

Tingatinga likawashwa. Wao wawili wakatangulia kuelekea nyumbani, na Hodan akamuuliza jambo ambalo sisi nyuma tulilisikia vizuri: "Ayeyo, alikuwa anapenda kukimbia?"

"Huyo?" bibi akasema. "Huyo alikuwa hakai!" Akaanza kusimulia, mkono mmoja unaonyesha urefu wa mtoto, mwingine unaonyesha alivyokuwa akiangukia matako na kuinuka. Kila hatua njuga ililia kwenye ncha ya mtandio. Nekesa akazima mashine yake, nami nikazima yangu, tukatembea nyuma yao polepole tusikose neno.